SOMO LA KUMI NA NANE: MGONJWA HUBEBWA NA WENGI

Wapenzi wasikilizaji, tunawasalimu nyote mliokusanyika mbele ya redio jioni hii: ninyi wa Nundu na Mboko, ninyi wa Baraka, ninyi wa Fizi huko juu milimani, nanyi wageni wetu mnaokaa katika kambi ya Lusenda. Tunawasalimu wavuvi wanaotengeneza taa zao kabla ya kuingia ziwani, na akina mama wanaotwanga sombe huku wametega sikio. Wekeni mchi chini kidogo, mama zetu, maana somo la leo lawahusu ninyi kwanza. Lakini wanaume nao wasiondoke.

Juma lililopita tulifundisha juu ya Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Tulieleza kwamba zamani watu wengi waliiita mpako wa mwisho, wakamwita padri wakati mgonjwa alipokuwa hasikii tena wala hasemi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mwaka 1963, ulitukumbusha kwamba sakramenti hii si ya wale tu waliofika saa ya kufa; ni ya kila Mkristu aliyeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Hayo mmekwisha kuyasikia. Leo twaongeza swali moja. Padri hufika, hupaka mafuta, husali, kisha hupanda pikipiki yake kwenda kwa wagonjwa wengine. Je, akiisha kuondoka, mgonjwa hubaki na nani?

Ikumbukeni habari ya yule mtu aliyepooza katika mji wa Kafarnaumu. Hakuweza kutembea. Watu wanne walimbeba juu ya kitanda chake. Walipofika penye nyumba alimokuwamo Yezu, mlango ulikuwa umejaa watu, wala hakuna aliyewapisha. Basi wakapanda juu, wakaitoboa dari, wakamshusha mgonjwa wao katikati. Mwinjili Marko atuambia kwamba Yezu aliitazama imani yao. Angalieni vema: hasemi imani ya yule mgonjwa peke yake, bali imani yao wale waliombeba. Majina yao hatuyajui. Twajua tu kwamba walikuwa wanne, na kwamba hakuna aliyeiachia pembe yake ya kitanda.

Sisi tunaosema nanyi hatukujifunza somo hili katika chuo cha makatekista peke yake. Tulijifunza nyumbani mwetu, na tulijifunza kwa kuchelewa. Tutawaeleza habari yenyewe, pamoja na makosa yetu, kwa ruhusa ya huyo aliyeugua, ili ninyi msiyarudie.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, dada yetu mdogo, mama wa watoto watano, alipokuwa akioga ziwani alipapasa titi lake la kushoto akasikia kitu kigumu, kiasi cha punje ya mahindi. Hakikumwuma. Akasema moyoni: Kisichouma si ugonjwa. Akanyamaza miezi saba. Punje ikawa kama harage, harage likawa kama yai la njiwa, na ngozi juu yake ikaanza kufanya vishimo kama ganda la chungwa. Hapo ndipo alipomwambia mke wa nyumba yetu, naye akatuarifu sisi.

Sisi tulifanya nini? Tulimwambia afanye novena, tukaifanya pamoja naye. Tena tulimwambia asifanye haraka, angoje mavuno ya mihogo yaishe, ndipo tuone. Kusali kulikuwa kwema. Kumwambia angoje kulikuwa kosa, na kosa hilo ni letu.

Wakati tulipokuwa tukingoja, maneno yakaanza kutembea. Mzee mmoja wa ukoo alisema kwamba ugonjwa huo umetumwa, akamtaja wifi yake kwa jina, akataka mbuzi auzwe ili tumwendee mfumu ng'ambo ya mlima. Katika shirika letu la Kikristu watu wawili walinong'ona kwamba labda ametenda dhambi ya siri. Wifi yule akaacha kuja kuchota maji pamoja na wenziwe, kwa hofu. Nasi, tulio walimu wa dini, tuliketi katika baraza ile ya ukoo, tukatazama chini, tukanyamaza. Tuliwaogopa wazee.

Aliyetuamsha hakuwa Mkatoliki. Alikuwa jirani yetu, mama mzee wa kanisa la Wametodisti. Alikuja jioni, akaketi juu ya kigoda, akasema: "Mwalimu, nawe huwafundisha watu habari ya yule aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi waliuliza nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, na Bwana akawakatalia. Mbona nyumbani kwako mnatafuta mwenye kosa, wala hamtafuti mganga?" Tuliona haya. Kesho yake tulikwenda naye na dada yetu mpaka hospitali ya Nundu.

Mganga wa hospitali alimpima kwa mikono, titi na kwapa, akasema waziwazi: "Mama, jambo hili lataka kuchunguzwa Bukavu, wala lisikawie." Huko Bukavu walimtoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano, wakakitazama katika hadubini. Baada ya majuma kadhaa jibu lilirudi: ni saratani ya titi, ile ambayo wengi wetu huiita kansere.

Wapenzi wasikilizaji, ni lazima tueleze ugonjwa huu kwa maneno mepesi, kwa sababu mtu asiyeelewa huogopa kivuli. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa vijichembe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Kila seli ina kazi yake, huzaliwa na kufa kwa mpango. Katika saratani, seli moja huasi. Hukataa kufa kwa wakati wake, huzaa nyingine zilizo waasi kama yenyewe, zikawa uvimbe. Zikiachwa, hutoka titini, huenda kwapani, kisha mifupani, mapafuni na penginepo. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja, wala kwa kumshika mgonjwa. Hauletwi na wifi. Tena si ugonjwa wa kijiji chetu peke yake: katika mwaka 1 tu, 2022, wanawake milioni 2.3 duniani waliambiwa kwamba wana saratani ya titi, na wanawake 670,000 walikufa kwayo. Hata wanaume huipata, ijapokuwa ni wachache, kama mmoja kati ya wagonjwa mia.

Na dawa je? Waganga walisema: kwanza dawa ya mshipani, ili uvimbe upungue, kisha upasuaji, kisha vidonge. Dawa ile ya mshipani huitwa kemoterapia. Huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima, ikiwapiga wale waasi popote walipojificha. Hushambulia hasa seli zinazozaliana upesi. Lakini mwilini ziko seli njema nazo huzaliana upesi: za nywele, za kinywa, za tumbo, na zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu. Hizo nazo huumia. Kwa hiyo nywele huanguka, kinywa hufanya vidonda, chakula hutapikwa, na askari weupe wa damu hupungua. Seli njema hupona baadaye, na nywele huota tena. Ndiyo maana dawa hutolewa, kisha mgonjwa hupumzishwa, mara nyingi siku 21, ndipo hutolewa tena.

Dada yetu alipangiwa kupata dawa mara nane. Hesabuni ninyi wenyewe: safari nane kutoka Nundu mpaka Uvira, kutoka Uvira mpaka Kamanyola, kisha kuupanda mlima wa Ngomo katika barabara ile nyembamba, mpaka Bukavu, na kurudi. Mtu mmoja angewezaje?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, baada ya Misa ya Dominika tuliomba radhi mbele ya shirika letu kwa kunyamaza kwetu, tukamwomba radhi na yule wifi. Kisha tukauliza: nani atashika pembe gani ya kitanda?

Mume wake, mvuvi, aliuza nusu ya nyavu zake. Akina mama wa likelemba walikubaliana kwamba zamu ya kupokea iwe ya mgonjwa kwa miezi mitatu. Binamu yetu wa Kadutu, mjini Bukavu, alitoa chumba, ingawa yeye na watoto wake walilala sebuleni. Kijana mmoja mwenye pikipiki alitoa safari za kumpeleka hadi penye gari bila malipo. Jirani Mmetodisti alichukua kazi ya maji. Na yule wifi aliyesingiziwa, je? Yeye ndiye aliyewapokea watoto wawili wadogo nyumbani kwake, akawalisha na kuwapeleka shuleni, mpaka matibabu yalipokwisha. Hatukumwomba. Alikuja mwenyewe, akawashika mikono, akaondoka nao.

Mwezi wa pili wa mwaka 2022 dawa ya kwanza ilitolewa. Ilikuwa nyekundu kama maji ya karkade, na mkojo wake siku ile ukawa mwekundu vilevile. Muuguzi alikuwa amemwonya mapema, asidhani kwamba ni damu. Kabla ya majuma matatu kwisha, nywele zikaanza kubaki juu ya mkeka.

Kwetu, mwanamke akinyolewa kichwa, watu huuliza: Nani amekufa? Watoto wake walipomwona na wembe, walilia kilio cha msiba. Ndipo mama mkwe wake, ambaye hapo kwanza aliyaamini maneno ya mfumu, alipoingia ndani. Akamnyoa mwenyewe, polepole. Alipomaliza akafungua kitambaa cha kichwa chake, akamfunga mkwewe, akatoka nje kichwa wazi mbele ya watu wote, akawaambia watoto: "Huu si unyoaji wa kilio. Mama yenu hajafa, wala sisi hatujafa." Tangu siku ile hakuna tena aliyenong'ona katika ua ule.

Tukidhani kwamba sasa tumejua yote, jaribu kubwa likaja. Baada ya dawa ya nne kinywa chake kilikuwa kidonda kitupu. Hata uji ulimchoma. Fedha ya likelemba ilikuwa imekwisha, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alituita, akasema: "Yaya, niacheni. Nimekwisha kula nyavu za mume wangu, nimekula mbuzi wa mama. Nikifa, watoto watabaki na nini? Sitaki kwenda tena."

Sisi tukaanza kuhubiri. Tulimweleza habari ya msalaba, na thamani ya mateso, na uvumilivu wa watakatifu. Yote tuliyosema yalikuwa kweli. Naye akageuka akautazama ukuta.

Mnaijua habari ya Ayubu. Rafiki zake watatu walipomjia, walifanya jambo jema moja: waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, wasiseme neno, kwa maana waliona kwamba uchungu wake ni mkubwa mno. Ubaya wao ulianza walipofungua kinywa. Walitaka kumtetea Mungu, wakamwumiza rafiki yao; na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea. Jioni ile tulitambua kwamba sisi tulikuwa rafiki wa nne wa Ayubu.

Alikuja rafiki yake wa utoto, mwuza ndakala wa sokoni. Huyo hakuleta hotuba. Aliketi karibu na mkeka. Alimwosha miguu. Alikoroga uji mwembamba usio na chumvi wala ndimu, akauacha upoe, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akachemsha maji akayatia chumvi kidogo ya kusukutua kinywa. Kisha akaketi tena. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu akasema: "Kesho kutwa gari laondoka. Nimeuza ndakala zangu zote. Tunakwenda sote wawili." Dada yetu akamtazama kitambo kirefu, akajibu: "Nawe utauza nini juma lijalo?" Yule akasema: "Juma lijalo Mungu ana ziwa." Wakaenda.

Hapo pana jambo jingine la kushika. Siku ya kumi baada ya dawa ya sita, usiku, mwili wa dada yetu ulipata moto na kutetemeka. Mama mkwe alidhani ni malaria ya kawaida, ya kungojea asubuhi. Lakini waganga wa Bukavu walikuwa wametwambia kwamba mtu anayepata kemoterapia akifikia joto la nyuzi 38, asingoje hata saa moja, kwa sababu askari wa damu yake ni wachache, na uambukizo mdogo waweza kumwua. Yule kijana wa pikipiki akaamshwa. Walimfikisha hospitali ya Nundu kabla ya jogoo kuwika, akatiwa dawa kwa sindano, akalazwa siku tano, akapona. Kama tungaliingoja asubuhi, pengine leo tungalisema nanyi habari ya kaburi.

Dawa nane zikaisha. Titi likaondolewa kwa upasuaji kabla ya mwisho wa mwaka ule. Kisha akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, na bado anavimeza. Vita vilipofika Bukavu, mwezi wa pili wa mwaka 2025, njia ile ikawa ya hatari. Basi jamaa humtafutia vidonge kwa taabu, kwa mkono wa huyu na yule. Hatusemi kwamba amepona kabisa. Mwenye kujua hayo ni Mungu. Twasema kwamba yupo. Hulima muhogo, husuka nywele za binti zake, na zake mwenyewe zimerudi, zenye mvi kidogo.

Lakini tusiwafiche neno. Katika chumba kile cha hospitali alikuwamo mama mwingine, aliyetoka milima ya Walungu. Walipata dawa siku moja, wakagawana maji na rozari. Yeye naye alisali. Yeye naye alibebwa na dada zake. Alipakwa mafuta matakatifu, akapokea Komunyo, akafa kabla ya dawa yake ya saba. Je, Mungu alimpenda mmoja na kumsahau mwingine? Hasha. Mungu hakuahidi kwamba kila mgonjwa atainuka leo. Aliahidi kwamba hatatuacha peke yetu. Mama yule hakufa peke yake. Mkono wake ulikuwa katika mikono ya dada zake. Kumbeba mgonjwa kuna maana pale anapopona, na kuna maana vilevile pale tunapomfikisha mlangoni pa Mungu. Sisi wa nchi hii twayajua hayo. Tarehe 28 Novemba 1964, Wenyeheri Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert waliuawa hapa kwetu, Baraka na Fizi, kwa sababu hawakutaka kuwaacha watu wao katika saa ya taabu. Kanisa liliwatangaza Wenyeheri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Kukaa na mtu katika taabu yake, hilo nalo ni ushuhuda.

Sasa tuyakusanye mafundisho.

La kwanza. Msitafute mchawi wala mkosefu. Anayemsingizia mwenziwe uchawi humvunjia heshima na kutenda dhambi juu ya amri ya nane. Na fedha anayopewa mpiga ramli ni fedha iliyoibiwa dawa.

La pili. Msichelewe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mama, ukiona uvimbe titini au kwapani, hata usipouma. Ukiona ngozi yenye vishimo, chuchu iliyoingia ndani, au damu ikitoka chuchuni, nenda hospitali juma lile lile. Uvimbe mwingi si saratani, lakini mganga ndiye wa kukuambia. Ugonjwa ukikutwa mapema, wengi hupona. Nawe mume, mkeo akikuambia, usimwulize habari ya mavuno.

La tatu. Sala na dawa si maadui. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na ndiye aliyeziotesha dawa katika ardhi. Atuagiza tusali, kisha tumpe mganga nafasi yake. Anayesali na kukataa dawa humjaribu Mungu.

La nne. Gaweni mzigo kwa zamu. Mmoja apike, mmoja achote maji, mmoja asafiri na mgonjwa, mmoja awatunze watoto. Siku mbili baada ya dawa, choo na nguo zenye matapishi zioshwe kwa uangalifu, kwa maji mengi na sabuni, mikono ikivikwa mpira. Wala msimsahau mume na mama mkwe. Anayeuguza naye huchoka.

La tano. Jueni kunyamaza. Si kila ziara yataka hotuba. Uji uliopoa waweza kuwa mahubiri mazuri kuliko yetu.

La sita. Mwanamke aliyeondolewa titi si nusu mwanamke. Kanisa lamheshimu Mtakatifu Agata, bikira na shahidi wa mji wa Catania, aliyeuawa yapata mwaka 251. Mapokeo yasema kwamba watesi walimkata matiti. Jina lake hutajwa katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, na sikukuu yake ni tarehe 5 Februari. Wanawake wenye ugonjwa wa titi humwomba awaombee. Mbele ya Mungu hakupungukiwa kitu.

MASWALI YA KUKARIRI

1. Yezu aliitazama imani ya nani huko Kafarnaumu?
Aliitazama imani ya wale waliombeba mgonjwa.

2. Je, ugonjwa ni alama ya dhambi ya mgonjwa au ya wazazi wake?
Sivyo. Yezu mwenyewe alikataa neno hilo juu ya yule aliyezaliwa kipofu.

3. Je, Mkristu aweza kuitumaini sala na kukataa dawa ya hospitali?
Haifai. Dawa na akili ya mganga ni zawadi za Mungu, nasi twazipokea tukisali.

4. Tumwite padri lini kwa Mpako wa Wagonjwa?
Tangu mgonjwa anapoanza kuwa katika hatari, angali akisikia na kusema. Na aweza kupakwa tena ugonjwa ukizidi.

5. Padri akiisha kuondoka, mgonjwa hubaki na nani?
Hubaki na Kristu, na sisi tulio mikono yake.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila shirika likae na kuhesabu wagonjwa wake. Kwa kila mgonjwa wachaguliwe watu wanne, na kila mmoja ataje mbele ya wenziwe pembe atakayoishika. Kama katika kijiji chenu yuko mtu aliyesingiziwa kwa ugonjwa wa mwingine, mwendeeni kabla ya Dominika, mkamwombe radhi. Sisi tulikwenda, wala hatukufa kwa haya.

SALA

Ee Yezu, uliyemwona mgonjwa akishushwa mbele yako kwa kamba, watazame wagonjwa wetu wanaosafiri mbali kutafuta dawa. Uwatie nguvu wanaotapika, wanaonyolewa, wanaoogopa usiku. Uwabariki waganga na wauguzi. Utusamehe tuliochelewa na tulionyamaza mahali pa kusema, na tuliosema mahali pa kunyamaza. Utupe mikono isiyoiachia pembe ya kitanda mpaka tuufikishe mzigo wetu kwako. Mtakatifu Agata, utuombee. Wenyeheri mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee. Amina.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanza somo la Ndoa. Waiteni na majirani. Kaeni katika amani ya Kristu. Tumsifu Yezu Kristu!